Keki ya Shukrani

Katika ukumbi wa jumuiya pale Chapeltown, mjini Leeds, Uingereza, ukishapita mlango wa choo cha wanaume, kuna picha za wanawake zilizotundikwa ukutani. Kila Oktoba halmashauri ya jiji hutuletea mtu mwenye suti aje kuwasifu. Sisi hupiga makofi, kisha wale wale waliosifiwa huinuka na kwenda jikoni kutupakulia chakula. Picha ya tatu ni ya Ianthe Liburd, mzaliwa wa kisiwa cha Nevis huko Karibi, amevaa kofia ya kanisani. Chini yake wameandika kwamba alianzisha shule ya Jumamosi. Ni kweli, wala sina ugomvi na maandishi hayo. Ila hayasemi kwamba shule yenyewe ilianza kwa keki, na kwamba keki hiyo ilikuwa ya kumshukuru mtu aliyemtupa mtoto wa Ianthe mwenyewe.

Mwaka wa 1970, shule zilipofunguliwa Septemba, basi dogo la rangi ya maziwa lilisimama mbele ya nyumba ya Liburd na kupiga honi. Ianthe alitoka na mwanawe Alford, mwenye umri wa miaka minane, soksi zimevutwa juu, magoti yamepakwa mafuta yakang'aa. Mama huyu alikuwa mhudumu wa wodi hospitalini, ametoka zamu ya usiku, na alipaswa kuwa kitandani. Badala yake alikuwa amevaa kofia ile ile ya kwenye picha. Alitaka mtaa uone.

"Mama Liburd, leo harusi ya nani?" aliuliza Bwana Browne, jirani wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa anafagia ngazi zake.

"Mwanangu anakwenda shule mpya. Wamemchagua. Basi linamfuata mlangoni."

"Mlangoni? Kama mtoto wa gavana?"

"Wewe fagia ngazi."

Mwalimu mkuu wa shule ya zamani, Bi Prentice, alikuwa amemwita mwezi Julai, akampa kiti, akamwita mpenzi. Alimwambia kwamba Alford angefaa zaidi kwenye shule ndogo, yenye watoto wachache, walimu wenye subira na usafiri wa bure. Ianthe hakuuliza swali hata moja. Kijijini kwao Gingerland, kule Nevis, mwalimu akisema, mzazi huitikia, halafu huenda kutafuta cha kumpelekea. Akatia sahihi pale alipoonyeshwa. Kisha akatoa matunda makavu aliyokuwa ameyaloweka kwenye ramu tangu Krismasi, akaoka keki nyeusi, akaiweka kwenye sahani ya maua ya waridi iliyokuwa ya kabatini tu, akambebea Bi Prentice mpaka ofisini.

Bi Prentice aliinusa keki, akasema, "Jamani, hukupaswa." Hapo alisema kweli kuliko alivyojua mwenyewe.

*

Chumba cha mbele cha Ianthe kilikuwa kama vyumba vya mbele vya watu wetu wote: makochi mekundu yaliyofunikwa kwa nailoni, zulia la maua makubwa, gramafoni, samaki wa kioo, na vitambaa vya kufuma vilivyokaushwa kwa maji ya sukari mpaka vikasimama vyenyewe. Watoto hawakuingia. Clement, mumewe, fundi wa karakana ya mabasi ya jiji, ambaye mshahara wake ndio ulionunua vyote vya mle ndani, aliingia kwa ruhusa. Kilikuwa chumba cha wageni na cha misiba.

Jumapili moja ya Oktoba, baada ya ibada, wageni walikuwa Mchungaji Archibald, mkewe, na Orilla Hanley. Orilla alikuwa akishona mifuko ya suruali kiwandani. Kwao Nevis alikuwa mwalimu msaidizi, na tabia ya kuuliza maswali ilikuwa haijamtoka.

Alford aliitwa kuwasalimia. Alisimama kizingitini, mikono nyuma, macho kwenye zulia. Hivyo ndivyo alivyolelewa. Mtoto hamkodolei macho mtu mzima, na akiulizwa hajibu papo hapo kama mtu anayegombana.

"Basi lako zuri?" aliuliza mchungaji.

"Ndiyo, bwana. Dereva hunipa peremende."

"Na huko shuleni mnasoma nini?" aliuliza Orilla.

Alford alitulia kwanza. "Tunatunga shanga, mama. Tunakunja taulo. Ijumaa tulimwagilia maua."

"Na hesabu?"

"Bado hatujafika, mama."

"Na kitabu?"

"Kipo kimoja. Kina bata."

Mke wa mchungaji alicheka, akidhani ni mzaha. Orilla hakucheka. Alimruhusu mtoto aende, akaweka kikombe chini.

"Ianthe, uliambiwa hiyo ni shule ya nini?"

"Shule ndogo. Ya waliochaguliwa."

"Mtoto wa dada yangu kule London walimchagua hivyo hivyo. Basi mlangoni, bure, walimu wapole. Ni shule ya watoto wanaosemekana akili zao hazishiki kitu. Wakiingia hawatoki. Wakitimiza miaka kumi na sita wanapewa ufagio."

"Alford wangu alisoma Zaburi mbele ya kanisa zima. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Ndiyo maana nakuuliza."

Ianthe alihisi macho ya mke wa mchungaji shingoni. Mwezi mzima alikuwa amemtangaza mtoto kanisani, sokoni na wodini. "Una wivu, Orilla," alisema. "Huna mtoto wa kufuatwa na basi, ndiyo maana."

Hakuna aliyekuwa mle asiyejua kwamba Orilla alizika watoto wawili kabla ya kupanda meli ya kuja Uingereza. Aliinuka polepole, nailoni ikalia chini yake, akachukua mkoba.

"Asante kwa chai," alisema.

*

Jumatatu Ianthe alipotoka zamu hakurudi nyumbani. Alipanda basi la jiji mpaka kwenye ile shule, nje kidogo ya mji, na viatu vyake vya wodini miguuni. Shule ilikuwa safi, hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyekuwa mkali. Walikuwamo watoto waliohitaji kulishwa na kushikwa mkono, na walilishwa na kushikwa vizuri. Lakini kwenye meza ya dirishani walikaa watoto wengine, wakitunga shanga kwa kasi ya watu waliochoka na shanga, na Ianthe aliwafahamu karibu wote. Walikuwa watoto wa kanisani kwake na wa mtaa wa pili. Marva, binti wa akina Claxton, alimpungia mkono.

"Alford ni furaha tupu," mwalimu kijana alimwambia. "Hana usumbufu kabisa. Natamani wote wangekuwa kama yeye."

"Atarudi lini shuleni kwake?"

"Shule yake ndiyo hii, Mama Liburd."

"Nauliza mkishamsaidia."

Mwalimu alishusha sauti, maana hakuwa mtu mbaya. "Watoto wetu huwa hawarudi. Hukuambiwa?"

"Amekosa nini?"

"Hajakosa kitu. Mpimaji wa akili za watoto aliona kwamba hawezi kumtazama mtu usoni. Na akiulizwa swali anachukua muda mrefu sana kujibu. Ni dalili."

"Hiyo ni adabu," alisema Ianthe.

"Samahani?"

"Ni adabu. Nimemfundisha mimi."

Mwalimu alitabasamu kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomuuma Ianthe kuliko yote. Angalau tusi lina jibu.

*

"Nani alitia sahihi?" aliuliza Clement jioni ile, kijiko mkononi.

"Mimi."

"Basi." Alirudi kwenye mchuzi wake wa mbuzi. "Basi ni bure, mtoto anafurahi. Wewe nenda kagombane na halmashauri, halafu uniambie mimi mshahara wangu unatoka kwa nani."

"Kwa hiyo akae huko atunge shanga mpaka aote ndevu?"

"Kuna watu wanaishi vizuri tu bila kusoma. Mimi hapa."

"Wewe unasoma gazeti kila siku."

"Nasoma mpira."

Ianthe alichukua koti lake. Mvua ilikuwa inanyesha, mvua ya Leeds isiyo na haraka. Orilla alifungua mlango, futi ya kupimia nguo shingoni, akamtazama mikono. Kwetu mtu akija kuomba radhi huja na kitu.

"Umeleta nini?"

"Sikuleta kitu. Nilipobeba keki mara ya mwisho, nilimtoa mtoto."

Orilla aliendelea kusimama mlangoni.

"Lile neno nililosema, Orilla. La watoto wako..."

"Nililisikia. Usilirudie hata kwa kuliombea radhi." Kisha akasogea pembeni. "Futa viatu. Zulia si la mwenye nyumba, ni langu."

Walikaa jikoni. Ianthe alilia kidogo, Orilla akamwachia alie, kisha akamuuliza majina ya watoto wa ile meza ya dirishani. Kila alipotajiwa jina alitaja la mama wa mtoto huyo, na mahali anapofanya kazi, na saa anayotoka kazini.

*

Walikwenda kwa Bi Prentice wakiwa kundi: Ianthe, Orilla, Mama Claxton wa mtaa wa pili, na wengine wawili ambao watoto wao walipanda basi lile lile. Karani aliwauliza kama wamekuja kuomba kazi ya usafi.

Bi Prentice alikuwa mchangamfu. "Mama Liburd! Mume wangu hadi leo anaizungumza ile keki."

"Nimekuja kuchukua sahani yangu."

"Sahani?"

"Ya maua ya waridi."

Bi Prentice alitazama huku na huku, na wote wakatazama naye. Sahani ilikuwa dirishani, chini ya chungu cha ua, imeshika duara la tope. Ianthe alikiinua chungu mwenyewe, akakiweka kando, akaifuta sahani kwa leso yake mpaka waridi zikaonekana. Alikuwa ameinunua mwaka wake wa kwanza Uingereza, na hakuna mtu wa nyumbani kwake aliyewahi kulia chakula humo.

"Na mtoto," alisema. "Nimekuja kumchukua na mtoto."

Bi Prentice alieleza kwa upole kwamba jambo hilo haliko mikononi mwake. Mpimaji angekuja tena kabla ya Pasaka, na mzazi akisisitiza mtoto anaweza kupimwa upya. "Lakini nisingependa mjipe matumaini makubwa. Watoto kama Alford..."

"Kama Alford vipi?" aliuliza Orilla.

"Ni wazito kidogo, mpenzi. Si kosa la mtu."

"Tunasisitiza," alisema Ianthe. Alikuwa ameikumbatia sahani kifuani, na tope kidogo likabaki kwenye koti lake.

*

Mchungaji Archibald aliombwa chumba cha chini cha kanisa, watoto wafundishwe humo Jumamosi. Alisema kimepakwa rangi. Aliulizwa itakauka lini, akasema rangi hiyo ni ya pekee. Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza ya Novemba Clement alirudi kutoka kununua gazeti, akakuta viatu vidogo vimejaa koridoni na mlango wa chumba cha mbele uko wazi.

"Ianthe! Kuna watoto chumba cha mbele."

"Nawaona."

"Wamekaa kwenye kochi."

"Ulitaka wakae kwenye gramafoni?"

Nailoni ndiyo iliyoshindwa kwanza. Ililia kila mtoto alipojitingisha, Orilla akawa hasikiki, na Jumamosi ya pili Ianthe akaivua yote, akaikunja, akaiweka nyuma ya kabati la nguo. "Mpaka mambo yaishe," alimwambia mumewe. Kufikia Krismasi zulia lilikuwa na wino kwenye ua kubwa la katikati, na samaki wa kioo hakuwa na mkia. Ianthe aliyaona yote hayo na yalimwuma, usidhani hayakumwuma. Alikuwa akitoka zamu, anakaanga maandazi ya kwetu ya unga wa mahindi, anayaleta kwenye sahani ya waridi, halafu anakwenda kulala huku sauti za majedwali ya kuzidisha zikimfuata ngazini.

Kusoma na hesabu havikuwa shida. Saa ya mwisho ndiyo iliyokuwa shida. Watoto waliiita saa ya ufedhuli. Orilla alikaa kwenye kiti, akavaa miwani, akajifanya mpimaji.

"Jina lako nani?"

"Alford, mama." Macho kwenye zulia.

"Nitazame. Upesi. Unapenda nini?"

Alford alitulia, kwa heshima.

"Usifikiri! Sema chochote!"

Marva alijifunza kwa wiki mbili, akawa fedhuli kiasi cha mama yake kuja kulalamika. Alford hakuweza. Kila alipotaka kuinua macho, yalikimbilia mlangoni, kwenye upande wa jikoni.

"Unaona anamtafuta nani?" Orilla alimwambia Ianthe. "Ulimfunga wewe. Mimi siwezi kumfungua."

Ianthe alijifuta mikono, akaingia, akapiga magoti kwenye zulia.

"Nitazame."

"Utanipiga."

"Sitakupiga."

"Hata Jumapili?"

"Hata Jumapili. Nitazame, mwanangu."

Aliinua macho, akayashusha, akayainua tena. Yalikuwa na duara la rangi nyepesi kuzunguka mboni, kama macho ya marehemu baba yake Ianthe, na mama huyu hakuwahi kulijua jambo hilo kwa miaka yote minane, kwa sababu hakuwahi kuruhusu kutazamwa. Alilazimika kurudi jikoni upesi.

*

Mpimaji alikuja Machi. Alford alimtazama usoni, akajibu bila kutulia, na alipoulizwa kama amechoka akasema, "Wewe je?" Mpimaji aliona ni maendeleo makubwa. Alford na Marva waliruhusiwa kurudi shule ya kawaida baada ya Pasaka, darasa moja nyuma. Wengine wa meza ile walikataliwa, wakaambiwa labda mwaka ujao.

Siku ya kufungua, basi dogo lilisimama mlangoni na kupiga honi, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumwambia dereva. Alford alikuwa ameshaondoka kwa miguu na baba yake. Ianthe alitoka na kilemba cha kulalia, bila kofia. Bwana Browne aliacha kufagia.

"Alford hapandi tena," alimwambia dereva.

"Safi sana, mama. Mpe hii." Dereva alimkabidhi peremende.

Angeweza kurudi ndani. Badala yake alitembea kando ya basi, akigonga kioo kimoja kimoja pale alipoona sura anayoifahamu. "Jumamosi," alisema kwenye kila kioo. "Usichelewe."

Alasiri Alford alirudi na kitabu cha kusoma na madaftari mawili. Alikula peremende yake, akakaa kwenye kochi jekundu, miguu haifiki chini.

"Mwalimu anataka vifunikwe kufikia kesho."

"Vitafunikwa."

"Mama. Wananiita wa basi. Wanasema lilikuwa basi la wajinga." Akamtazama machoni, sawasawa kama alivyofundishwa. "Kwa hiyo mimi nilikuwa mjinga?"

Ianthe ndiye aliyetazama zulia. Alikaa akilitazama lile doa la wino muda mrefu, na mpimaji angekuwepo angeona dalili.

"Wewe, hapana," alisema mwishowe, akainua macho. "Mimi ndiye niliyepeleka keki."

Alford aliwaza. "Ile nyeusi?"

"Ile nyeusi."

"Na sikupata hata kipande."

"Hukupata."

Ianthe aliinuka, akaenda nyuma ya kabati la nguo, akarudi na nailoni ya makochi. Akaitandaza sakafuni, akachukua mkasi. Clement, aliyeingia kutoka kazini na ovaroli lake la karakana, alisimama kizingitini.

"Hiyo si tulisema itarudi kwenye makochi mambo yakiisha?"

"Hayajaisha. Shika huku."

Clement alitazama ovaroli lake, akatazama chumba. Kisha akaingia bila kuruhusiwa, akapiga magoti, akaivuta nailoni ikanyooka. Ianthe alikata kipande cha kitabu, viwili vya madaftari, halafu akaendelea kukata.

"Mtoto ana madaftari mawili tu," alisema Clement.

"Vingine ni vya wale waliobaki kwenye basi," alisema Ianthe. "Vuta vizuri."